Maji ya barabara: tutajua namna gani kama kifaa kinayasafisha kweli?

Mvua ikinyesha Bukavu, maji yanashuka mu mitaro na kubeba chupa za plastiki mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi. Hizo kila mtu anaziona. Lakini maji yale yale yanabeba pia vitu visivyoonekana: mafuta ya motokari, zinki ya mipira ya magurudumu, shaba ya breki. Mingi inafika mu Ziwa Kivu, fasi familia nyingi zinachota maji.

Mu inchi zingine wanaweka vifaa vya kusafisha maji hayo: mashimo ya kutuliza udongo ao vichujio vya mchanga. Muuzaji atasema: « Changu kinaondoa uchafu 80 kwa mia. » Je, inatosha?

Jimbo la Washington, Marekani, liko na utaratibu wa kupima unaoitwa TAPE. Maji yakiingia na miligramu 100 mpaka 200 za chembe za uchafu kwa litre, kifaa kinapaswa kuondoa 80 kwa mia. Yakiingia na chembe 20 mpaka 100, wanaangalia kile kinachotoka: kisipite miligramu 20.

Juu ya nini? Kifaa kimoja kikipokea 200 na kutoa 40, kimeondoa 80 kwa mia. Kingine kikipokea 30 na kutoa 15, ni 50 kwa mia tu. Lakini maji ya hiki cha pili njo safi zaidi.

Tena, kutuliza udongo hakuondoe metali iliyokwisha kuyeyuka. TAPE inaipima peke yake: zinki 60 kwa mia, shaba 30. Mwaka wa 2020, watafiti wa jimbo hilo walionyesha kama kemikali inayotoka mu mipira ya magari inaua samaki wa coho mu mito.

Kwa hiyo, wakituletea kifaa, tuulize: Maji yalipimwa yakiingia na yakitoka, tangu mvua inaanza mpaka inaisha? Mvua ikizidi, maji yanayopita pembeni bila kusafishwa yalihesabiwa? Na nani atatoa tope, kila miezi mingapi? Shimo likijaa, mvua inayofuata inaweza kuchota tope hilo na kulipeleka ziwani.