Maji Kidogo, Uso Safi

Nkuhungu iko katika ukanda mkavu wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 600. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, lilizunguka zizi: ng'ombe walilindwa, lakini inzi walibaki hatua chache tu kutoka kwenye macho ya watoto. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoenezwa pia na inzi, uliwapofusha wengi Ugogoni, hasa wanawake, kwa kuwa wao ndio waliolea watoto.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo vya shimo. Ni kazi ya kujivunia hadi leo.

Mwaka huohuo chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mji ukapanuka, ukitegemea maji ya visima virefu vya Makutupora.

Baadaye, watafiti wa trakoma wilayani Kongwa walionyesha kwa vitendo kwamba lita moja ya maji inatosha kunawisha nyuso za watoto kadhaa. Familia nyingi zilikuwa zikiamini yanahitajika mengi zaidi, hivyo zikayatunza kwa kupikia.