Ushauri Nasaha: Tulitoka Wapi, na Leo Utampata Wapi Mshauri

Leo tutarudi nyuma miaka mingi kabla ya kufika kwenye zahanati yako.

Mada hii imeletwa na swali ambalo sisi wauguzi huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshasimama aende zake: "Sista, hakuna mtu wa kuongea naye?" Mwenye kuuliza amekuja na kichwa kinachomuuma miezi mitatu. Presha iko sawa, malaria hana. Ukimuuliza nyumbani kukoje, anaangalia mlango. Pengine ndoa imepoa, pengine amefiwa, pengine usiku hapati usingizi. Ukimwambia kwamba yuko mshauri nasaha katika hospitali ya kaunti ndogo, anashtuka: "Kwani mimi ni mwendawazimu?"

Hofu hiyo haikuanza naye. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na inajulikana ilikozaliwa.

Tuanze kabla ya hospitali. Hapa Pwani msichana aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza mambo ya mwili na ya ndoa, na uhusiano wao haukuisha siku ya harusi. Mke akikwazwa na mumewe alikuwa na pa kwenda. Waislamu walikuwa na hakamu wawili, mmoja wa upande wa mume na mwingine wa upande wa mke, utaratibu uliotajwa katika Sura ya An-Nisaa. Huko bara, wazee, mashangazi na wajomba walifanya kazi kama hiyo. Aliyesemekana ana pepo alipelekwa kwa mganga, akapigiwa ngoma jamaa zake wakiwepo. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Wazee wengi walimrudisha mwanamke kwa mume aliyempiga, wakamwambia avumilie kwa ajili ya watoto, na baraza la ukoo si mahali pa kuweka siri. Lakini angalia jambo moja: kwenda kwa somo hakukumfanya mtu aitwe mwendawazimu. Uchungu wa moyo ulikuwa na mlango wake, na wazimu ulikuwa na mlango wake.

Mwaka wa 1910 serikali ya ukoloni ilifungua nyumba ya wendawazimu mjini Nairobi, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka wa 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi ya ngozi hadi ukoloni ulipokaribia kuisha. Mwafrika hakuja pale kwa miguu yake mwenyewe kuomba asikilizwe. Aliletwa, mara nyingi kupitia polisi na hakimu, kwa sababu amewashinda watu wa nyumbani au amevuruga amani barabarani. Ndio maana hadi leo watoto wakitaniana husikia mmoja akisema, "Wewe utapelekwa Mathari!" Mahali pa tiba pamegeuka kuwa tusi.

Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali hiyo iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Nataka tukae kwake kidogo, kwa sababu maandishi yake yalisomwa duniani kote. Carothers aliamini kwamba Mwafrika hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kidogo kuliko Mzungu, hata akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka wa 1954 serikali ya koloni ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau. Humo, watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru walielezwa kama watu waliovurugika akili kwa kukutana na ustaarabu mpya. Msikilizaji, ukimnyang'anya mtu shamba lake kisha ukasema hasira yake ni ugonjwa, hutahitaji kumrudishia shamba.

Jambo lake lililotuumiza zaidi sisi wa zahanati ni jingine. Carothers aliandika kwamba huzuni kubwa ya kuugua, ile inayomlaza mtu kitandani na kumnyima hamu ya kula, ni nadra kwa Waafrika. Aliwahesabu waliofikishwa Mathari. Lakini mama anayelia usiku akaamka alfajiri kukamua ng'ombe hafikishwi Mathari! Hakuvunja dirisha la mtu, hakukimbia uchi sokoni, kwa hiyo hakuhesabiwa. Basi ikawa kwamba Mwafrika ama ni mzima ama ni mwendawazimu, na katikati hapana kitu.

Baada ya Uhuru, vitengo vya magonjwa ya akili vilifunguliwa nje ya Nairobi, kama vile Port Reitz hapa Mombasa, Machakos, Nyeri na Nakuru. Wauguzi wa akili wakafunzwa. Mwaka wa 1979 madaktari David Ndetei na John Muhangi walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa kawaida waliokuja kutibiwa katika kliniki ya mashambani, wale wa kichwa, tumbo na mgongo. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na shida ya akili, zaidi huzuni na wasiwasi. Mwaka huohuo Kituo cha Ushauri Nasaha cha Amani kilianzishwa Nairobi, na mtu akaweza kuingia mlangoni bila kuletwa na polisi, akakaa na mtu aliyesomea kusikiliza.

Lakini huduma hiyo ilikuwa ya mjini na ya wachache. Iliyoileta vijijini ni misiba. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, na watu zaidi ya 200 wakafa. Maelfu waliumia, na wengine wasio na jeraha hata moja walibaki wakiruka kila mlango ukibamizwa. Kwa mara ya kwanza Wakenya wengi walisikia redioni kwamba kumwona mshauri baada ya balaa ni tiba kama kushonwa kidonda. Mwaka uliofuata, 1999, serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na kuanzia 2001 vituo vya VCT vikaenea. Hapo ndipo ushauri nasaha ulipofika kwenye zahanati: chumba kidogo, viti viwili, mlango uliofungwa. Mume na mke waliingia pamoja kupimwa, na mara nyingi mazungumzo yaliishia kwenye uaminifu, pesa na chuki ya miaka kumi. Mimi husema VCT ilikuwa shule ya ndoa ambayo hakuna aliyeipangia mtaala. Kisha zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na washauri wakapelekwa kambini.

Sheria ilifuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayotaka kila anayefanya kazi hiyo asajiliwe na bodi, ingawa bodi yenyewe ilichelewa miaka kadhaa kuanza kazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka huohuo inawapa wenye ndoa ya kimila nafasi ya kusuluhishwa kwa desturi zao kabla mahakama haijaivunja. Mwaka wa 2015 tulipata sheria ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, nayo inahesabu hata mateso ya moyoni, si ngumi peke yake. Mwaka wa 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa, serikali za kaunti zikapewa wajibu wa huduma hizi, na mgonjwa akapewa sauti katika matibabu yake.

Na kuna kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, urithi mwingine wa ukoloni. Kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na adhabu yake iliweza kufika miaka miwili jela. Fikiria maana yake kwa muuguzi. Aliyekunywa sumu analetwa wodini, anaokolewa, na kabla hajapona koo anawaza polisi. Atakuambia alidhani ni dawa ya kikohozi. Ndugu zake watasema hivyohivyo. Nawe utamtibu tumbo, umruhusu aende, na jambo lililompeleka kwenye chupa linamngoja nyumbani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo, ukimwambia muuguzi, "Nimechoka kuishi," umemwambia habari ya ugonjwa, nasi tunapaswa kukutibu.

Sasa twende kwenye kutafuta. Anza karibu, kwenye zahanati au kituo cha afya. Ukifika dirishani na foleni iko nyuma yako, huna haja ya kueleza yote pale. Sema tu, "Naomba kumwona sista faraghani." Kama shida ni kubwa kuliko uwezo wetu, tutakuandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo au ya kaunti, umuulizie muuguzi wa akili au mshauri nasaha. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita kijijini mwako pia anaweza kukuonyesha njia. Wala usimdharau kwa kuwa si daktari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017 ulihusu wanawake zaidi ya 400 wa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa kawaida waliofunzwa kwa siku chache walikaa na kila mmoja mara tano, na wanawake hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida peke yake.

Pasta, imamu, mganga je? Huko Makueni, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walifunzwa pamoja na wahudumu wa afya kuzitambua dalili na kuwatuma wagonjwa hospitalini, na mpango huo naupenda. Kama kiongozi wako wa dini anasikiliza na anaweka siri, mwendee. Lakini anayemfunga mgonjwa kwa minyororo, anayemnyima chakula au kumwambia atupe dawa za hospitali, ondoka kwake siku hiyohiyo.

Ukimpata mshauri wa kulipwa, muulize kabla ya kukaa: umesajiliwa, ulisomea wapi, kikao ni pesa ngapi, na siri yangu unaiweka vipi? Mshauri wa kweli hachukii maswali hayo. Atakuambia pia kwamba kuna siri asiyoweza kuifunga, kama vile maisha yako au ya mtoto yakiwa hatarini. Muulize kama anaweza kuongea nawe kwa lugha unayoilia, kwa maana kuna uchungu usiotafsirika. Baadhi ya vyuo vinavyowafunza washauri huwa na wanafunzi wanaosimamiwa na walimu wao, na bei yao huwa nafuu. Vikao viwili vitatu vikipita na huelewani naye, tafuta mwingine. Hata mshonaji wa nguo humbadilisha.

Kwa wanandoa nina neno moja ambalo wazee hawatalipenda. Kama tatizo ni maneno, pesa, wakwe au ubaridi wa chumbani, nendeni pamoja. Mmoja akikataa, mwingine aende peke yake na ajue hajapoteza nauli. Lakini kama kuna kupigwa, au mmoja anamwogopa mwenzake, msianze kwa kuketi chumba kimoja. Anayeogopa hawezi kusema ukweli mbele ya anayemwogopa, na akiusema, ataulipia wakifika nyumbani. Huyo aende peke yake kwanza. Mshauri anayemlazimisha kuketi na mpigaji ili "wasameheane" hajui kazi.

Chukua kalamu. Laini ya 1199 ni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, kwa msaada wa kisaikolojia. 1195 ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, wanaume pia. 116 ni ya watoto, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Hutozwi pesa. Kama uko nyumbani na mtu aliyesema anataka kufa, usimwache peke yake, ondoa dawa za shambani na vyenye makali, na umfikishe hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya mama aliyejifungua na ambaye hana furaha na mtoto wake. Mwambie jirani yako mwenye mtoto mchanga asikose.