Murongo: Upweke Uliotangulia Simu

Mzee akionekana amekaa peke yake huku wajukuu wameinamia WhatsApp na Facebook, lawama huangukia simu. Historia ya Murongo inatuonya tusikimbilie hukumu hiyo. Mji huu mdogo wa mkoa wa Kagera, Tanzania, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, unatazamana na Kikagati ya Uganda, ng'ambo ya mto Kagera. Chimbuko la mpaka huo ni makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, yaliyowatenga Wanyambo na Wanyankore, watu wanaosikilizana lugha. Udugu uliendelea kuvuka mto kwa kuwa ulikuwa na desturi zake. Katika mkoa huu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na zamani Wahaya, majirani wa Wanyambo, walioapiana udugu waligawana buni mbili za tunda moja, zilizopakwa damu yao. Udugu ulidai watu wakae pamoja, na mzee ndiye aliyekuwa nguzo ya kikao.

Kikao hicho kilivunjwa na misiba. Vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 viliupiga mkoa, kisha mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini wakatambuliwa Kagera. Maradhi hayo yaliwamaliza zaidi watu wenye umri wa kuzaa na kulima, yakawaachia mabibi wajukuu yatima. Bibi alibaki na watoto wa kulea, bila mtu mzima wa kushauriana naye. WhatsApp ilianza mwaka 2009; upweke ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani.

Atapinga mtu kwamba mitandao imetonesha kidonda, maana hata mjukuu aliyepo huwa kama hayupo. Ni kweli, lakini kosa hilo ni la adabu, nasi tunaweza kulirekebisha. Ujumbe wa sauti humfikia hata asiyejua kusoma, tena kwa Kinyambo chake. Mwingine atasema simu janja ni ghali kwa mzee. Hoja hiyo inaidai serikali: Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wote wenye miaka 70 na zaidi, Bara, yenye sera ya wazee tangu 2003, nayo ifike huko. Hata hivyo, hakuna simu inayogawa buni. Ukimpigia bibi yako leo, mtajie siku utakayofika kutafuna naye kahawa, kisha ufike.