Hukumu juu ya Filamu ya Metropolis

Mtu akifikishwa mahakamani, hakimu mwema hatoi hukumu mpaka awe amesikia maneno ya pande zote mbili. Mwandishi wa historia naye yampasa kuifuata sheria hiyo hiyo, maana kila siku huletewa kesi za watu waliokwisha kufa na kazi zilizokwisha kupita, na mara nyingi hukuta zimekwisha kuamuliwa na wengine. Wajibu wake ni kuuliza kama walioziamua walikuwa na ushahidi wa kutosha. Katika insha hii tutaichunguza kesi moja ya namna hiyo, nayo ni kesi ya filamu ya Kijerumani iitwayo Metropolis. Filamu hiyo iligharimu fedha nyingi mno, ikaleta hasara kubwa, ikadharauliwa, kisha baada ya miaka themanini na zaidi ikarudishwa mbele ya macho ya watu ikiwa karibu nzima.

Yafaa kwanza tuufahamu wakati wenyewe. Ujerumani ilishindwa katika Vita Kuu vilivyokwisha mwaka 1918, na mwaka 1923 fedha yake ilianguka thamani hata mshahara wa asubuhi haukutosha kununua mkate jioni. Hata hivyo sanaa ya sinema ilisitawi sana katika nchi hiyo. Filamu za siku zile hazikuwa na sauti. Watu walitazama picha, wakasoma maneno machache yaliyoandikwa katikati ya picha, na wapiga muziki wakapiga humo humo ukumbini. Kwa sababu hiyo filamu ya Kijerumani iliweza kuonyeshwa katika nchi yo yote kwa kubadilisha maandishi tu. Kampuni kubwa ya filamu katika Ujerumani iliitwa Ufa, na wakuu wake walitamani kushindana na Wamarekani katika soko la dunia.

Kazi hiyo alipewa Fritz Lang, mtu aliyezaliwa Vienna mwaka 1890. Hadithi iliandikwa na mkewe, Thea von Harbou. Upigaji wa picha ulianza mwezi wa Mei mwaka 1925, ukaendelea hata mwezi wa Oktoba mwaka 1926. Lang alikuwa mtu mgumu asiyeridhika upesi. Kwa picha za mafuriko, watoto mia kadhaa waliochukuliwa katika mitaa ya maskini ya Berlin walisimama majini siku nyingi. Msichana Brigitte Helm, ambaye hakuwahi kuigiza katika filamu kabla ya hapo, alivalishwa vazi gumu la mtu wa chuma, ambaye siku hizi tungemwita roboti, na vazi hilo lilimbana na kumwumiza. Fundi mmoja, Eugen Schüfftan, alitumia kioo kilichosimamishwa kwa mshazari mbele ya kamera, sehemu yake moja ikiwa imekwanguliwa rangi ya fedha. Waigizaji walionekana kupitia sehemu iliyokwanguliwa, na katika sehemu iliyobaki ilionekana taswira ya nyumba ndogo za mfano. Hivyo watu wakaonekana wamesimama chini ya majumba yanayogusa mawingu, kumbe majumba hayo ni ya kuwekwa juu ya meza. Kazi ilipokwisha, gharama ilikuwa imefika kadiri ya Reichsmark milioni tano, zaidi ya mara tatu ya kiasi kilichokadiriwa mwanzoni.

Hadithi yenyewe ni ya mji wa wakati ujao. Juu wanakaa matajiri katika majumba na bustani, na chini ya ardhi wanakaa wafanyakazi wanaohudumia mitambo kwa zamu za saa kumi. Bwana wa mji ni Joh Fredersen. Mwanawe, Freder, anamwona msichana Maria akiwa na watoto wa wafanyakazi, anamfuata chini, na huko anaona mtambo ukipasuka na kuwaunguza watu. Maria huwausia wafanyakazi wawe na subira mpaka atakapokuja mpatanishi. Fredersen anaogopa, anamwamuru mvumbuzi aitwaye Rotwang ampe mtu wake wa chuma sura ya Maria, ili wafanyakazi wadanganywe. Maria wa uongo anawachochea, wanaivunja mitambo, na maji yanaujaza mji wa chini ambamo wamewaacha watoto wao. Watoto wanaokolewa, na mwishoni Freder anaunganisha mkono wa baba yake na mkono wa msimamizi wa wafanyakazi mbele ya kanisa kuu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, urefu wake mita 4,189, yaani zaidi ya saa mbili na nusu. Lakini siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Mwishoni mwa mwaka 1925 Ufa ilikuwa imekwisha kukopa dola milioni nne kwa makampuni mawili ya Marekani, Paramount na Metro-Goldwyn-Mayer, na kwa mkopo huo ikajifunga kutoa nafasi kwa filamu za Kimarekani katika kumbi zake. Metropolis ilipokosa kurudisha fedha zake, kampuni iliyokuwa inayumba ikazidi kuyumba. Mwaka uo huo wa 1927 ikanunuliwa na Alfred Hugenberg, tajiri wa magazeti ambaye baadaye, mwaka 1933, aliingia katika serikali ya kwanza ya Hitler. Tangu hapo ikawa desturi kusema kwamba Metropolis ndiyo iliyoiangusha Ufa. Kusema hivyo ni kumtwika mmoja mzigo wa wengi, maana deni la dola lilikuwako kabla filamu haijakwisha kupigwa.

Sasa tumefika katika kiini cha kesi. Wamarekani waliiona filamu ni ndefu mno, wakampa mwandishi wa michezo ya kuigiza, Channing Pollock, kazi ya kuipunguza. Katika toleo la kwanza, Fredersen na Rotwang walimpenda mwanamke mmoja aliyeitwa Hel. Hel aliolewa na Fredersen, akafa alipomzaa Freder, na Rotwang akaunda mtu wa chuma ili ampate tena mpenzi wake. Pollock aliliondoa jambo hilo lote, kwa kuwa jina hilo lafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya jehanamu. Hel alipoondolewa, huzuni ya Rotwang iliondoka naye, na pamoja nayo uadui wake na Fredersen. Ikabaki hadithi ya mvumbuzi mwenye wazimu anayeunda mashine ili ichukue mahali pa wafanyakazi. Hali kadhalika habari ya mfanyakazi aliyebadilishana nguo na Freder, na ya mpelelezi aliyetumwa kumfuata, zilikatwa hata hazikueleweka. Baada ya miezi michache Ufa nayo ilikata filamu yake yenyewe ikabaki mita 3,241. Karibu robo ya kazi ilitupwa.

Basi toleo lililokatwa ndilo lililoonyeshwa katika nchi za Kiingereza. Mwezi wa Aprili mwaka 1927, H. G. Wells, Mwingereza mwenye sifa kubwa katika hadithi za kisayansi, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba ilikuwa filamu ya kipumbavu kupita zote. Alisema kwamba mashine hupunguza kazi ya sulubu, haiizidishi. Kwamba utajiri hauwezi kukua ikiwa watu wengi hawana fedha za kununua vitu. Na kwamba habari za mtu wa chuma hazikuwa na maana. Neno la mtu kama huyo lilikuwa na uzito, na hukumu yake ikakaririwa miaka mingi.

Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki? Hapa mwanafunzi wa historia asifanye pupa. Hoja ya tatu inagusa mahali palipokatwa, kwa hiyo lawama yake ni ya mkasi kuliko ya Lang. Lakini hoja mbili za kwanza zahusu mawazo ya hadithi nzima, nazo zisingeondoka hata kama Wells angeona kila picha. Tena uko ushahidi mwingine ambao mtetezi wa filamu hana ruhusa ya kuuficha. Toleo zima lilionyeshwa Berlin kwa miezi michache, na wako wenyeji walioliona lote ambao walisifu picha zake na kuicheka hadithi yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Anayetaka kuitetea Metropolis hupenda kusema kwamba mkasi ndio uliokosa peke yake, nayo si kweli.

Kwa miaka mingi toleo zima lilidhaniwa limepotea. Mwaka 1984 mwanamuziki Giorgio Moroder alitoa toleo fupi lenye rangi na nyimbo mpya, na mwaka 2001 wataalamu wa Kijerumani walikusanya vipande kutoka nchi mbalimbali, wakaweka maandishi mahali palipokuwa na pengo. Mwaka uo huo UNESCO iliiandika filamu hiyo katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Kumbe nakala ndefu ilikuwa Argentina, imepelekwa huko kabla ya kukatwa. Mpenzi mmoja wa sinema, Fernando Peña, alisikia habari za onyesho la zamani la filamu hiyo lililochukua zaidi ya saa mbili, akatambua kwamba toleo fupi lisingechukua muda huo. Mwaka 2008 yeye na Paula Félix-Didier, msimamizi wa makumbusho ya sinema ya Buenos Aires, walifungua makopo na kuipata. Ilikuwa nakala ndogo ya milimita 16, yenye mikwaruzo tele, lakini ilikuwa na karibu yote yaliyokosekana. Mwezi wa Februari mwaka 2010 filamu ilionyeshwa Berlin ikiwa imeongezewa kadiri ya dakika 25. Vipande vichache havikuweza kuokolewa.

Nakala hiyo ilibadili nini? Ilimrudishia Rotwang sababu ya matendo yake, na watumishi wa hadithi, waliokuwa vivuli tu, wakawa watu. Mwendo wa filamu, uliodhaniwa kuwa wa ovyo, ulionekana una mpango. Hukumu ya kwamba hadithi haina mshikamano ilivunjika. Hukumu ya kwamba mafundisho yake ni mepesi haikuvunjika. Kushikana mikono mbele ya kanisa hakuongezi mshahara wala hakupunguzi saa za kazi, na Lang mwenyewe alipokuwa mzee alikiri kwamba hakulipenda fundisho hilo. Kuhusu mashine, Wells alikuwa na haki kwa nusu. Mashine huweza kumpunguzia mtu sulubu, lakini huweza pia kumlazimisha aufuate mwendo wake, na hilo ndilo tunaloliona Freder anapohangaika na mishale ya saa kubwa mpaka nguvu zinamwishia.

Liko na jambo la tatu, ambalo fedha haikuweza kulipima. Hasara ya mwaka 1927 ilihesabiwa kwa tiketi za mwaka 1927. Lakini mafundi wa sinema waliofuata waliyatazama majumba yale na yule mtu wa chuma, na umbo lake laonekana tena katika mtumishi wa chuma wa rangi ya dhahabu katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Kazi iliyoleta hasara kwa waliolipa gharama iliwafaidia wengi ambao hawakulipa kitu.

Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kwamba kitabu fulani, au filamu, au mpango wa nchi, haukufaulu, usikubali upesi wala usikatae upesi. Uliza kwanza: haukufaulu machoni pa nani, na kwa kipimo gani? Kisha uliza kama waliotoa hukumu waliiona kazi nzima au kipande chake. Mwisho, kama ushahidi mpya umepatikana, uupime bila kupendelea, uone ni lawama zipi zinazoondoka na zipi zinazobaki. Metropolis ilipofunguliwa tena haikutoka bila doa. Lakini safari hii ilisikilizwa, na lawama zinazoibakia sasa ni zile ilizozistahili yenyewe.