Mbao, Kitambaa na Chuma
Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza yalipoingia Arusha na kulitwaa boma la Wajerumani, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndege za Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza ziliruka kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta. Zilikuwa BE2c: fremu za mbao zilizokazwa kwa nyaya na kuvikwa kitambaa. Ndege kama hiyo ikianguka porini, mvua huozesha kitambaa, mchwa humaliza mbao; hubaki injini. Hasara chungu kwa historia.

Mapema zaidi, Julai 11, 1915, ndege ya rubani Mwingereza John Cull, iliyoelekeza mizinga ya Waingereza dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, ilitunguliwa ikaangukia delta ya Rufiji. Yeye na mwenzake walinusurika. Kilichofika makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, ni mzinga wa chuma wa manowari hiyo.