Mchoro Pekee Haujengi Fuwele: Hoja Kuhusu Viunzi vya Metali na Ogania

Mwaka 1988 John Maddox, mhariri wa jarida la Nature, alilalamika kwamba ni aibu kwa sayansi kushindwa kutabiri umbo la fuwele, hata ya kampaundi sahili, kwa kujua fomula yake tu. Mwaka uliofuata Bernard Hoskins na Richard Robson wa Melbourne walipita njia nyingine: badala ya kutabiri, walijenga. Walichukua ioni za shaba, ambazo hushikana na majirani wanne, wakazikutanisha na molekuli ya ogania yenye mikono minne. Walipata wavu wenye mpangilio wa almasi, ila wenye nafasi pana ndani yake. Wazo hilo lilimjia Robson mwaka 1974 alipokuwa akitayarisha vitufe vya mbao vya kufundishia, akaona kwamba mahali matundu yanapotobolewa ndipo umbo zima linapoamuliwa. Mwaka 2025 Robson, Susumu Kitagawa na Omar Yaghi walitunukiwa Nobel ya Kemia kwa kuanzisha na kuendeleza uwanja huu wa viunzi vya metali na ogania (MOF).

Fikra ya vitufe imezaa matunda mengi, lakini imetuachia picha pungufu ya usanifu wa fuwele. Inatushawishi kwamba ukishachagua kifundo cha metali na kiungo cha ogania vinavyolingana pembe, kazi imekwisha. Nadai kwamba jiometria ndiyo nusu nyepesi. Nusu nzito ni jinsi bondi zinavyofungika, kufunguka na kufungika tena wakati fuwele inakua, na jinsi zinavyostahimili baada ya hapo.

Tuchukue viunzi viwili vinavyotumia kiungo kimoja, yaani asidi ya tereftali, ile ile inayotengenezewa plastiki ya chupa za maji. Katika MOF-5, iliyotangazwa mwaka 1999 na kundi la Yaghi, kiungo hicho hushika vifundo vya ioni nne za zinki zinazozunguka oksijeni moja. Kila kifundo hupokea viungo sita, na matokeo yake ni michemraba iliyopangika kwa unadhifu wa kuvutia. Gramu moja ina eneo la ndani linalokaribia mita za mraba 3,000. Kikiwa kikavu, kiunzi hiki huvumilia joto la nyuzi 300 za Selsiasi. Lakini kiache katika hewa yenye unyevu. Molekuli za maji huisogelea zinki na kuking'oa kiungo mahali pake. Ukipima unga wake kwa eksirei utaona vilele vya awali vikififia na vingine vipya vikichomoza. Mchoro haukuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni bondi ya kuulinda.

UiO-66, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, ina kiungo hicho hicho, ila kifundo ni cha ioni sita za zirikoni. Chaji kubwa ya ioni hizo huikamata oksijeni kwa nguvu, na kila kifundo hushika viungo 12. Haiogopi maji. Hata hivyo nguvu hiyo ina gharama: bondi isiyofunguka kwa urahisi hairekebishi makosa, kwa hiyo mwanzoni ulipatikana unga wa chembe ndogo mno. Dawa ilikuwa kuongeza asidi sahili, kama ile ya siki, ishindanie nafasi kwenye vifundo na kupunguza kasi ya ukuaji. Hapo fuwele hukua vizuri zaidi, na baadhi ya viungo hukosekana kabisa, vikiacha matundu mapana na metali iliyo wazi kuchochea mmenyuko. Kasoro imekuwa sehemu ya usanifu. Mwaka 2014 ilionyeshwa, katika kiunzi cha namna hii chenye hafni badala ya zirikoni, kwamba hata vifundo vizima vinaweza kukosekana, na kwamba mapengo hayo hayatawanyiki ovyo bali hujipanga.

Mtetezi wa jiometria atanielekeza kwenye familia ya MOF-5 iliyochapishwa mwaka 2002: viunzi 16 vyenye wavu wa aina moja, viungo vikibadilishwa kwa makusudi. Huo ni ushindi mkubwa, nami siupunguzii hadhi. Lakini tuutazame kwa karibu. Viungo virefu vilipotumika katika myeyusho mzito, wavu wa pili uliota ndani ya ule wa kwanza na kuziba nafasi iliyokusudiwa. Myeyusho ulipozimuliwa, wavu mmoja ulibaki peke yake. Kifundo hakikubadilika, wala kiungo; kilichoamua ni wingi wa viambato ndani ya chombo.

Ndiyo maana naona makala nyingi za fani yetu zinapotosha zinapochora kiunzi kamilifu kwa rangi na kuficha katika aya moja ya mwisho kiyeyushi, joto, muda na kiasi cha asidi. Mchoro unaeleza kilichotarajiwa, ilhali aya ile inaeleza kilichotendwa. Mhakiki anayeupokea mchoro bila kudai hesabu ya viungo vilivyokosekana, na bila kipimo cha eksirei kilichochukuliwa baada ya unga kukaa kwenye unyevu, amekagua nusu nyepesi tu.