Kimo Kabla ya Modeli: Uoni wa Kompyuta na Ufuatiliaji wa Mpira katika Viwanja vya Mtwapa

Tangu michuano ya kandanda ya Afrika ya CHAN ya Agosti 2025, iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa msaada wa waamuzi wa video, limekuwa likirudiwa dai kwamba teknolojia ya kumfuatilia mchezaji na mpira kwa kamera imekuwa rahisi kiasi cha kushushwa hadi mashinani, kwa sababu kila kocha ana simu na modeli za kutambua vitu zinapatikana bure mtandaoni. Makala hii inalikataa dai hilo kwa namna linavyotolewa, ingawa hailikatai lengo lake. Katika viwanja vya Mtwapa na mwambao wote wa Kilifi, pwani ya Kenya, kikwazo cha kwanza si ubora wa modeli bali ni mahali kamera iliposimama.

Uoni wa kompyuta ni tawi la sayansi ya kompyuta linaloipa mashine uwezo wa kutambua vilivyomo pichani, na ufuatiliaji ni kazi ya kukijua kitu kilekile kutoka fremu moja hadi nyingine, fremu ikiwa ni picha moja katika mfululizo unaofanya video. Kuhusu misingi hakuna ubishi mkubwa. Kichujio cha Kalman cha mwaka 1960, ambacho hukisia kitu kitakuwa wapi kwa kuutazama mwendo wake wa awali na kujisahihisha kipimo kipya kinapofika, kingali kinatumika, na mbinu ya TrackNet ya mwaka 2019, iliyobuniwa kwa ajili ya mipira midogo yenye kasi, husoma fremu 3 mfululizo kwa pamoja ili isipotezwe na mpira uliofifia kwa mwendo.

Ubishi unaanza pale matokeo ya tafiti hizo yanapochukuliwa kama mali ya uwanja wowote. Mkusanyo wa SoccerNet, uliotolewa mwaka 2018 na ambao umefunza modeli nyingi za kandanda, ulianza na mechi 500 za ligi kubwa za Ulaya zilizopigwa picha na kamera za televisheni, yaani kamera zilizowekwa juu ya majukwaa, zikitazama nyasi za kijani na mistari iliyonyooka. Wanaozisifu modeli hizo huzungumzia idadi ya picha na nguvu ya mashine, na kulisahau jukwaa. Mtwapa hakuna jukwaa: kamera husimama kwenye stendi ya miguu mitatu pembeni mwa mstari, mbele ya watazamaji ambao nao wamesimama.

Athari ya jambo hili inaweza kuhesabiwa bila maabara. Ichukuliwe kamera yenye pikseli 1,920 kwa upana, pikseli ikiwa ni nukta ndogo kabisa ya picha, inayotazama pembe ya digrii 60, na mchezaji aliye umbali wa mita 60, ambao ni karibu upana wa uwanja. Mpira wa kipenyo cha sentimita 22 utachukua takriban pikseli 6 tu. Ukipigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, na kamera ikichukua fremu 30 kwa sekunde, utasogea sentimita 83 kati ya fremu na fremu, karibu mara nne ya kipenyo chake, hivyo algorithimu inayotegemea taswira ya mpira katika fremu moja igusane na ya fremu inayofuata haitapata pa kushika.

Hata hivyo, hilo linaweza kupunguzwa kwa kamera bora. Lisilopunguzwa ni jiometria. Ili kujua mchezaji yuko wapi uwanjani, nafasi yake pichani huhamishiwa kwenye bapa la ardhi kwa hesabu iitwayo homografia, na kosa la pikseli moja katika picha hugeuka kuwa kosa la umbali ardhini. Kamera ikiwa kwenye kimo cha mita 2, kosa la pikseli moja la kwenda juu au chini, kwa mchezaji yuleyule wa mita 60, ni karibu mita nzima. Ikipandishwa hadi mita 15, kimo cha paa la ghorofa nyingi zilizo kando ya barabara ya Mombasa–Malindi, kosa hilo hushuka hadi sentimita 14. Ni tofauti ya mara saba, na hakuna modeli iliyoguswa.

Kimo pia hupunguza kuzibana, yaani mchezaji mmoja kumficha mwingine au mpira. Tarehe 17 Juni 2020, katika mechi ya Aston Villa na Sheffield United, mfumo wa mstari wa goli wenye kamera 7 kwa kila goli ulishindwa kuona mpira uliokuwa umevuka mstari mikononi mwa kipa, kwa kuwa kipa, beki na mlingoti vilizuia kamera. Ikiwa kamera 7 zilizowekwa juu majukwaani zimezibwa, kamera moja ya kimo cha mita 2 itazibwa mara ngapi? Na Oktoba mwaka uohuo, katika uwanja wa Inverness huko Uskoti, kamera ya kujiendesha ilimfuata mwamuzi wa pembeni kwa kukidhani kichwa chake chenye upara kuwa ndio mpira. Tukio hilo limechukuliwa kama kichekesho, lakini linaonyesha tatizo halisi: kitu cha mviringo, chenye kung'aa na chenye pikseli chache hakina alama ya kukitenga na kingine.

Itapingwa kwamba ndege isiyo na rubani inatoa kimo kikubwa zaidi. Ni kweli, ila betri yake haifiki mwisho wa kipindi kwa uhakika, na kanuni za usafiri wa anga za mwaka 2020 zinataka kibali cha mamlaka ya anga ya Kenya. Mwingine atataja mnazi, kwa kuwa pwani hii haikosi mnazi mrefu wala mgema wa kuupanda asubuhi na jioni. Lakini upepo wa kusi hauuachi mnazi utulie, na kamera iliyo mita 15 juu ikiinama kwa digrii 1 tu humhamisha mchezaji wa mita 60 kwa zaidi ya mita 4. Kinachohitajika ni mlingoti wa chuma uliokita au paa la zege.

Jambo la pili ni alama za ardhini. Homografia inadai pointi zisizopungua 4 ambazo nafasi zake halisi zinajulikana, wala 3 kati yake zisiwe kwenye mstari mmoja. Katika uwanja wa mchanga ambako mistari ya chokaa hupeperuka kabla ya mapumziko, wapo watakaosema pointi hizo hazipo. Zipo: vibendera 4 vya kona vikipimwa kwa utepe kabla ya mechi vinatosha, na milingoti ya magoli, ikiwa imesimikwa kwa mita 7.32 kati yake, ni ya kuthibitishia. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa watu wawili, na inashangaza jinsi inavyokosekana katika maandiko yanayojaza kurasa kwa ajili ya tabaka za mitandao ya neva inayoziunda modeli hizo. Vilevile, kwa kuwa mechi nyingi huanza saa kumi alasiri, kamera isimame upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni.

 

Kutokana na hoja hizi, inaelekea kwamba fedha ya kwanza ya kaunti au klabu inayotaka takwimu za mwendo wa wachezaji iende kwenye mlingoti kabla ya kompyuta, na pengine si kupita kiasi kudai kwamba mlingoti mmoja Mtwapa utaifaa soka ya pwani kuliko modeli kumi mpya. Dai hilo lina mpaka mmoja. Homografia huchukulia kwamba kila kinachoonekana kimegusa ardhi, na mpira haukai ardhini. Mpira uliopigwa kichwa kwa kimo cha mita 2, ukitazamwa na kamera ya mita 2, huonekana kwenye upeo wa macho, na mstari wa kuuona haugusi ardhi kamwe, kwa hiyo hesabu haina jibu. Kutoka mita 15 jibu linapatikana lakini si sahihi: mpira ulio umbali wa mita 60 huhesabiwa kuwa uko mita 69. Kwa mpira wa juu inahitajika kamera ya pili, iliyo nyuma ya goli na yenye saa iliyolinganishwa na ya kwanza. Na hata FIFA, iliyokuwa na kamera 12 chini ya mapaa ya viwanja vya Qatar mwaka 2022, iliweka ndani ya mpira kihisio kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde.